Je, kutembea huzibua mishipa ya limfu ya moyo?

"Nina miaka 67, mwalimu mstaafu, naishi Migosi, Kisumu. Nina presha na kwa miaka minne natumia amlodipine. Mwaka jana daktari aliniongezea kutoka miligramu 5 hadi 10. Miezi michache sasa miguu yote miwili huvimba jioni, na nikiamka asubuhi uvimbe umepungua. Kijana wangu amesoma kwamba moyo una mishipa ya limfu, kwamba huziba mtu akizeeka, na kwamba mazoezi huizibua. Jirani naye amenishauri ninunue dawa ya mitishamba ya kusafisha limfu, chupa moja shilingi 2,500, na nikandwe kifua. Kutembea niliacha kwa sababu ya magoti, yakiuma humeza diclofenac. Je, hayo ya mazoezi na limfu ya moyo ni kweli? Kwa umri wangu nimechelewa? Na nikianza, nitembee kiasi gani bila kujiumiza?"

Mwalimu, kijana wako amesoma jambo la kweli, ila limemfikia likiwa limepindika kidogo. Moyo una mishipa ya limfu, na uzee huidhoofisha. Mazoezi nayo yanaigusa. Penye kasoro ni neno "kuziba". Tena miguu yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ina sababu mbili zilizo karibu zaidi kuliko limfu ya moyo, na zote mbili umezitaja mwenyewe bila kuzishuku. Nitaanza na moyo kwa kuwa ndio uliouliza, kisha nishuke miguuni, ambako ndiko kwenye kazi ya wiki hii.

Umepita Ahero mara nyingi, bila shaka, na umeona mashamba ya mpunga. Kila shamba lina mfereji wa kuleta maji na mwingine wa kuyatoa. Wa kutoa ukilegea, mpunga huzama hata kama wa kuleta hauna kasoro. Mwili una mpango kama huo. Damu ikifika kwenye vishipa vidogo kabisa, sehemu ya majimaji yake hupenya ukuta na kuingia kati ya seli, yakiwa yamebeba chakula na oksijeni. Damu yako yote ina takriban lita 3 tu za majimaji hayo, lakini yanayopenya kwa siku nzima huzidi hapo, kwa hiyo yasiporudishwa damu ingekauka na mwili ungejaa maji. Kazi ya kuyarudisha, pamoja na protini zilizochopoka na mabaki ya seli, ni ya mishipa ya limfu. Huyakusanya, huyapitisha kwenye tezi za limfu ambako askari wa mwili huyakagua, kisha huyamwaga kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyo nyuma ya mtulinga, chini ya shingo.

Moyo wenyewe una mtandao wake wa mifereji hiyo. Upo chini ya utando wa ndani, upo katikati ya msuli, na upo juu karibu na ngozi ya nje ya moyo. Limfu hutoka ndani kwenda nje, hukusanyika kwenye mishipa minene kidogo inayofuatana na ile ya damu inayolisha moyo, hupanda hadi kwenye tezi za kifuani na kuingia shingoni. Kinachoisukuma hasa ni pigo la moyo. Moyo ukilegea, vishipa vya limfu hufunguka na kujaa. Ukikaza, hukamuliwa, na vali ndogo zilizomo kwenye mishipa mikubwa huzuia limfu isirudi ilikotoka.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwa moyo kuliko, tuseme, kwa mkono? Kwa sababu mkono ukivimba kidogo utaendelea kushika chaki. Msuli wa moyo ukibaki na maji kidogo tu ya ziada huwa mgumu, hujaa damu kwa shida, na umbali wa oksijeni kutoka kwenye damu hadi kwenye seli huongezeka. Maji hayo yakikaa siku nyingi, na hasa protini zilizomo, huamsha uvimbe wa ndani kwa ndani ambao baadaye huacha nyuzinyuzi kama kovu.

Sasa hilo la uzee. Yanayojulikana zaidi yametokana na kuchunguza wanyama wazee, hasa panya, na hasa mishipa ya limfu ya tumboni na kifuani. Msuli mwembamba ulio kwenye ukuta wa mishipa hiyo hupungua, mikazo yake huwa dhaifu na isiyo na mpangilio, vali hazifungi sawasawa, na ukuta wenyewe huanza kuvuja. Mfereji bado uko wazi, ila kingo zimelegea na mkondo umepungua nguvu. Hapo ndipo picha ya bomba la sinki lililoziba inapotupotosha, maana mtu akiamini kuna uchafu ulioganda atatafuta kitu cha kuusukuma nje. Kuziba kwa kweli kwa mishipa ya limfu kupo: minyoo ya matende huiharibu, na hapa Kenya ugonjwa huo ni wa pwani. Upasuaji wa saratani unaoondoa tezi za kwapani au kinenani nao huikata, na mionzi huikausha. Uzee peke yake hauzibi hivyo.

Kwa moyo wa mzee kuna mzigo wa pili, na mimi naupa uzito zaidi kuliko mishipa yenyewe. Presha ya miaka mingi na kukakamaa kwa ukuta wa moyo hufanya msukumo ndani ya vishipa vya damu uwe mkubwa, kwa hiyo maji mengi zaidi hupenya kuingia kwenye msuli. Mfereji wa kutoa umedhoofika wakati ule wa kuleta umefunguliwa zaidi. Na iwapo upande wa kulia wa moyo umeelemewa, msukumo kwenye mishipa ya damu ya shingoni hupanda, pale pale limfu inapotakiwa kumwagika. Unakumbuka mwaka 2020, Ziwa Victoria lilipopanda hadi likaingia majumbani mwa watu? Mfereji unaoelekea ziwani, hata uwe safi namna gani, haukuwa na pa kumwaga. Ndivyo inavyokuwa mtu akiwa na moyo ulioshindwa kazi: limfu hukwama kwa sababu kule mwishoni kumejaa. Dawa ya "kusafisha" haiwezi kuteremsha ziwa.

Mazoezi yanafanya nini basi? Kuna mambo ya papo hapo na kuna ya muda mrefu.

Ya papo hapo ni ya kimakanika. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu hukamua mishipa ya limfu na ya damu kila hatua. Ukihema kwa kina, msukumo ndani ya kifua hushuka na ule wa tumboni hupanda, na limfu huvutwa juu kuelekea shingoni. Katika mazoezi ya kiasi, mtiririko wa limfu huongezeka mara 2 hadi 3 ukilinganisha na mtu aliyekaa. Moyo nao hupiga haraka zaidi na kwa nguvu zaidi, na hivyo hukamua limfu yake mwenyewe. Lakini kumbuka vishipa hivyo hujaa moyo unapolegea. Moyo ukienda mbio kupita kiasi, muda wa kulegea hufupika kuliko muda wa kukaza, na maji yanayopenya huongezeka pia. Ndiyo maana kwa mtu wa umri wako sioni faida ya kukimbizana kwa kasi siku ya kwanza.

Ya muda mrefu yanavutia watafiti zaidi. Kuna protini iitwayo VEGF-C ambayo mwili huitumia kama amri ya kuotesha mishipa ya limfu. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwa panya waliopata shambulio la moyo kwamba kuwapa protini hiyo kuliongeza mishipa ya limfu kwenye moyo, na moyo ukapona vizuri zaidi. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa panya waliofundishwa kuogelea ulionyesha kwamba mazoezi huotesha mishipa ya limfu moyoni, na kwamba ukizuia uoteshaji huo, ule ukuaji mzuri wa moyo unaoletwa na mazoezi hupungua. Hayo ni matokeo mazuri, na kijana wako hakukosea kuyafurahia. Ila panya wa maabara hana miaka 67, hajatumia dawa ya presha miaka minne, wala hana magoti ya kubembeleza. Kwa binadamu hakuna kipimo cha kawaida hospitalini kinachoonyesha mishipa ya limfu ya moyo. Eko, ile mashine ya mawimbi ya sauti, huonyesha kuta, vali na jinsi moyo unavyojaa na kusukuma, lakini mishipa hii haionekani. Atakayekuambia amepima limfu ya moyo wako na kuiona imeziba, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Kwa hiyo huwezi kulenga limfu ya moyo kama unavyolenga paja au mkono. Unachoweza ni kufanya mambo yanayopunguza maji yanayoingia na kusaidia yanayotoka: kushusha presha, kupunguza uzito wa tumboni, kutuliza sukari, kuimarisha misuli ya miguu. Mazoezi yale yale hufanya yote hayo kwa pamoja, limfu ikiwemo, bila kuhitaji mpango maalumu.

Na je, umechelewa? Nikujibu bila kukupamba. Mwaka 2018, huko Dallas, Marekani, watafiti walichapisha matokeo ya watu wa miaka 45 hadi 64 waliokuwa wakikaa tu, wakapewa mazoezi kwa miaka 2, siku 4 au 5 kwa wiki. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa asilimia 18, na ukuta wa moyo ukawa laini zaidi. Kundi hilo hilo la watafiti lilikuwa limejaribu awali na watu waliopita miaka 65. Baada ya mwaka mmoja wa mazoezi nguvu na pumzi ziliongezeka, lakini ukakamavu wa ukuta wa moyo haukubadilika kwa maana yoyote. Kwa hiyo dirisha la kulainisha moyo wenyewe huenda kwako limeanza kufungwa. Dirisha la kuongeza pumzi, kushusha presha, kuzuia kuanguka na kuondoa maji miguuni liko wazi kabisa, hata kwa mtu wa miaka 80. Kama kijana wako yuko kwenye miaka ya arobaini na anafanya kazi ya kukaa, mpe aya hii aisome mara mbili.

Sasa miguu. Miguu miwili kwa pamoja, jioni zaidi, asubuhi nafuu, na imeanza baada ya dozi ya amlodipine kuongezwa kutoka 5 hadi 10: hii ni picha inayojulikana sana. Amlodipine hulegeza mishipa inayoleta damu lakini hailegezi vile vile ile inayoirudisha. Damu huingia kwenye vishipa vidogo kwa msukumo mkubwa, maji hupenya, na kwa kuwa umesimama au umekaa siku nzima, huteremka kwenye vifundo. Huwapata wanawake zaidi, na dozi ya 10 huleta uvimbe zaidi kuliko ya 5. Figo hazina hatia hapa, ndiyo maana dawa za kukojoza hazisaidii sana uvimbe wa aina hii, na anayezimeza kwa kubahatisha huishia kupungukiwa na chumvi za damu huku vifundo vikibaki vilevile. Kinachosaidia mara nyingi ni daktari kurudisha dozi chini, au kuongeza dawa ya kundi lingine kama losartan au enalapril, ambayo hulegeza pia upande wa kurudisha damu. Usiiache amlodipine mwenyewe. Presha ikiruka ghafla, kiharusi hakitakuuliza kama vifundo vimepona.

Diclofenac ndiyo mshukiwa wa pili. Dawa za kundi lake, ibuprofen ikiwemo, huziambia figo zishike chumvi na maji, hupandisha presha, na hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za presha. Inawezekana kabisa presha yako ilipanda mwaka jana kwa sababu ya dawa ya magoti, ukaongezewa amlodipine, nayo amlodipine ikavimbisha miguu. Mnyororo wa namna hii hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa dawa moja ikiandikwa hospitalini na nyingine ikinunuliwa dukani. Tena zingatia: ukiongezewa losartan au enalapril pamoja na dawa ya kukojoza huku ukiendelea kumeza diclofenac kimyakimya, figo zinaweza kuumia vibaya. Mwambie daktari unaimeza mara ngapi, hata kama ni "mara moja moja tu". Kwa maumivu ya magoti, jaribu kwanza paracetamol kwa kipimo kilichoandikwa, lakini si zile tembe zinazochemka kwenye maji, maana zina sodiamu nyingi. Jeli ya diclofenac ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana kuliko tembe. Dawa ya kudumu ya goti, hata hivyo, ni msuli wa paja wenye nguvu, na huo tutaujenga hapa chini.

Jipime nyumbani kabla ya kwenda kliniki. Bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde 10, kisha achilia uone kama kishimo kinabaki. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzingo wa mguu sentimita 10 juu ya kifundo, asubuhi na jioni, mguu wa kulia na wa kushoto, kwa siku 7. Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai. Jaribu pia kufinya ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia. Ikifinyika kwa urahisi, hiyo inatupeleka mbali na ugonjwa wa limfu ya miguu. Ikiwa nene na ngumu kiasi kwamba haifinyiki, limfu ya mguu ndiyo yenye tatizo, na hapo daktari atauliza pia kama ulikulia nyanda za juu ukilima peku kwenye udongo mwekundu wa volkano, maana udongo huo huharibu mishipa ya limfu ya miguu kwa miaka mingi, bila minyoo yoyote.

Hiyo chupa ya shilingi 2,500 usiinunue. Limfu haihitaji kusafishwa, kwani yenyewe ndiyo inayosafisha. Vingi vya vinywaji hivi hukojoza, kwa hiyo mtu huona uzito umepungua siku mbili na kuamini. Vingine vina mizizi ya urukususu (kwa Kiingereza liquorice), ambayo hupandisha presha na kushusha potasiamu. Bila kujua kilichomo, huwezi kujua kitagombana vipi na dawa yako. Kukandwa kifua nako hakufiki moyoni, maana kuna mbavu katikati. Ukandaji wa limfu unaofanywa na mtaalamu una nafasi yake kwa mtu aliyevimba mkono baada ya saratani, lakini mwenye moyo ulioelemewa hafanyiwi bila idhini ya daktari, kwa kuwa maji yanayosukumwa kutoka miguuni huishia pale pale kwenye moyo ambao tayari umeshindwa. Kwa sababu hiyo hiyo soksi za kubana zisubiri uchunguzi.

Tukija kwenye mazoezi. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu wa umri wako ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kiasi, mazoezi ya nguvu siku 2, na ya kutuliza mwili usiyumbe siku 3. Usianze huko. Wiki mbili za kwanza tembea dakika 10, siku 5, mahali tambarare. Kisumu ni jiji la joto, na joto hutanua mishipa na kuongeza uvimbe, kwa hiyo toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au jioni jua likiwa limelala. Usitembee kati ya saa nne na saa kumi mchana. Vaa viatu vya kufunga vyenye soli ya mpira; malapa hukunyima ule msukumo wa kisigino hadi vidole ambao ndio unaokamua shavu la mguu. Kila wiki mbili ongeza dakika 5. Ukifika dakika 30, karibu wiki ya 9, umeshatimiza 150 kwa wiki.

Kasi ipime kwa mdomo na kwa hatua. Uweze kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Hesabu hatua kwa sekunde 15: zikiwa 25, unakwenda hatua 100 kwa dakika, na hiyo ni kasi ya kiasi kwa watu wengi. Mwanzoni nenda polepole, na mwishoni vilevile. Usisimame ghafla. Ukisimama ghafla misuli ya mguu huacha kukamua, damu hutulia chini, na mtu wa dawa za presha hupata kizunguzungu. Kilima cha Riat kiache hadi miezi mitatu ipite na daktari awe ameridhika. Ukisafiri kwenda Eldoret, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari ukilinganisha na Kisumu isiyozidi sana 1,130, punguza kasi siku za kwanza, maana hewa ni nyepesi zaidi.

Kwa nguvu, tafuta kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa, simama, kaa tena bila kusukuma kwa mikono, mara 8, pumzika dakika 2, rudia mara 8. Goti likilalamika, weka mto juu ya kiti ili usishuke chini sana. Kisha shika ukuta uinuke kwa vidole vya miguu mara 10, ukishuka polepole kwa kuhesabu hadi tatu. Zoezi hili la mwisho ndilo rafiki mkubwa wa vifundo vyako, na unaweza kulirudia ukisubiri chai ichemke. Utulivu wa mwili upate kwa kusimama mguu mmoja karibu na meza, sekunde 10 kila upande. Maumivu ya goti yanayotulia ndani ya siku moja ni ya kuvumilika. Yakivuka saa 24 au goti likajaa, punguza nusu, usiache kabisa.

Usibane pumzi unaponyanyua kitu. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na ukiunyanyua huku umebana pumzi, presha hupaa na msukumo ndani ya kifua huzuia damu na limfu zisirudi. Toa hewa wakati wa kunyanyua, au gawanya maji kwenye mitungi miwili midogo.

Chumvi ni chini ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hesabu hiyo inajumuisha samaki wa kukaushwa kwa chumvi na viungo vya mchuzi vya pakiti. Maji ya kunywa usiyapunguze mwenyewe kwa kudhani ndiyo yanayovimbisha. Jioni inua miguu juu ya mito ipite usawa wa kifua kwa dakika 20 hadi 30. Ukiwa umelala hivyo ukaanza kukosa pumzi, keti, na usiliache hilo lipite bila daktari kujua.

Kabla ya wiki ya kwanza ya mazoezi, pimwa presha. Ikiwa 180/110 au zaidi, hiyo ni siku ya kliniki. Na hata mambo yakionekana shwari, uvimbe wako unahitaji kuangaliwa mara moja na macho ya daktari, kwa kuwa maelezo yangu ya amlodipine ni ya uwezekano mkubwa, na moyo, figo na ini huweza kujificha nyuma ya uvimbe uleule. Omba mkojo upimwe protini, damu ipimwe kazi ya figo, chumvi na sukari, na kipimo cha umeme wa moyo kifanyike. Eko itaamuliwa kutokana na atakayoyasikia kifuani na utakayomweleza. Ukihitaji kilele cha huduma upande wetu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wengi bado huiita Russia, ndiko utakakoelekezwa.

Yapo mambo yasiyongoja miadi. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa na joto na kuuma kwenye shavu, hasa baada ya safari ndefu ya basi, huenda damu imeganda ndani. Nenda siku hiyo hiyo na usikandwe. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, ukaanza kuhitaji mito mitatu kulala, au ukaamka usiku ukitafuta hewa dirishani, nenda siku hiyo hiyo pia. Maumivu au kubanwa kifua, kuzimia, au moyo kwenda mbio bila mpangilio ukiwa umetulia, ni dharura. Uso ukivimba asubuhi na mkojo ukawa na povu lisilotawanyika, tunafikiria figo. Ngozi ya mguu ikiwa nyekundu, ya moto, na una homa, ni maambukizi yanayohitaji antibayotiki.

Siku ya kwenda, beba dawa zote kwenye pakiti zake, ikiwemo diclofenac na chochote cha jirani kama umeshaonja, na lile daftari la vipimo vya siku 7. Andika juu kabisa tarehe dozi ya amlodipine ilipoongezwa na tarehe uliyoona uvimbe kwa mara ya kwanza. Umbali kati ya tarehe hizo mbili unaweza kumwambia daktari mengi kuliko picha yoyote. Nenda mchana, vifundo vikiwa vimeshaanza kujaa, ili avione.